TITI LIMEONDOKA, MKE YUPO

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu katika imani, hapa Rasbura nakaa sana kwenye suluhu za ndoa. Swali moja sasa limenifikia mara ya tatu: "Shekhe, mke wangu anatakiwa akatwe titi kwa saratani. Je, hiyo si aibu inayoniruhusu kuvunja ndoa?"

Jibu: hapana. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamezitaja aibu zinazompa mtu haki hiyo, na kukatwa titi kwa maradhi hakumo. Qur'ani imefananisha mume na mke na vazi. Vazi kazi yake ni kusitiri, na siku ya kusitiri ndiyo hii.

Nalisema hadharani kwa sababu neno la mume linaua. Mwanamke akiambiwa "ukikatwa usirudi kwangu", haendi hospitali. Anaanza kuzungushwa kwa mitishamba na makombe, huku uvimbe unakua. Dada yangu, katika kujiangamiza hakuna utii kwa mume. Nenda ukatibiwe, na mumeo mwambie aje kwangu tuzungumze.

Sasa tuielewe operesheni yenyewe. Zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuondoa titi zima. Ya pili ni kuondoa uvimbe na nyama inayouzunguka, titi linabaki, kisha mgonjwa anapigwa mionzi. Profesa Veronesi wa Milan, Italia, alianza kuzilinganisha mwaka 1973 kwa wanawake 701. Fisher wa Marekani naye akafanya hivyo kwa zaidi ya 1,800. Matokeo ya miaka 20 yalitoka 2002: kwa uvimbe uliowahiwa mapema, waliobakishiwa titi waliishi sawa na walioondolewa lote.

Lakini mionzi ina uzito wake. Kwa Fisher, waliobakishiwa titi bila mionzi, takriban 39 katika kila 100 walirudiwa na saratani kwenye titi lile lile. Waliopigwa mionzi ni takriban 14. Na mionzi kwa mtu wa Lindi ni safari ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, kisha kukaa huko wiki kadhaa. Nauli ipo? Pa kulala je? Watoto wanabaki na nani? Basi mwanamume anayetaka titi la mkewe libaki, na daktari akasema inafaa, asiishie kulalamika. Atafute nauli. Na mwanamke akiamua liondolewe lote, asilaumiwe. Ajue tu kwamba baadhi ya walioondolewa lote nao huhitaji mionzi. Hilo daktari ndiye ataliamua.

Je, maisha baada ya hapo? Waliobakishiwa titi mara nyingi huuona mwili wao kwa utulivu zaidi. Lakini aina ya operesheni haiamui kila kitu.

Dada yangu wa tumbo moja aliondolewa titi zima miaka tisa iliyopita, ameniruhusu niseme. Kidonda kilipona. Kilichomsumbua ni mkono, kwa sababu tezi za kwapani nazo zilitolewa. Ukawa unavimba, ndoo ya maji hainyanyui, nazi hakuni. Kwenye takbira mkono haukufika usawa wa bega, nikamwambia: inua unapofikia, sala yako imetimia. Alifundishwa mazoezi ya mkono, na kuulinda usichubuke wala kuungua. Kwenye sidiria huweka kitambaa alichokishona mwenyewe, na harusini hakuna anayejua.

Shemeji yangu ndiye aliyekaa kwenye mbuzi akakuna nazi. Wenzake barazani walimcheka mpaka wakachoka. Usiku, dada alipokuwa akijifunika kovu kwa khanga, mumewe hakugeukia ukutani. Dada anasema dawa iliyomponya moyo ni hiyo.

Na anayetaka kutengenezewa titi jingine, akiwa na uwezo, si kubadilisha maumbile ya Allah. Sahaba Arfaja alipokatwa pua vitani aliweka ya fedha, ikamharibikia, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Mwaka 2007 wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, kikaoni Putrajaya, Malaysia, waliruhusu kurekebisha titi lililoondolewa kwa maradhi.

Wanaume wenzangu, tusisubiri mke aseme. Uvimbe usiouma ndio hupuuzwa. Akikwambia ameona kitu titini, kesho asubuhi mfuatane hospitali, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azijaze nyumba zetu huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.