Jicho la kulia liliishia katikati

Jamani, nimekuwa kimya wiki mbili. Kazi nyingi, halafu mtoto wa jirani akapata shida ya jicho. Juzi baba yake akaniuliza swali ambalo sisi waandishi wa programu hatulikosi: "Kaka, si uandike kitu, mtu ampige mwanawe picha, simu iseme?"

Nikamwambia kwa ugonjwa huu picha yaweza kusema mtoto ni mzima kabisa.

Iko hivi. Kila jicho linasogezwa na misuli 6, nayo inaamriwa na neva 3 kutoka kwenye ubongo: ya 3, ya 4 na ya 6. Ya 6 ina msuli mmoja tu, ule unaovuta jicho kwenda nje, upande wa sikio. Ikipooza, jicho haliendi huko na mtu anaona vitu viwili viwili. Mtu mzima atalalamika. Mtoto wa miaka 5 pengine hasemi kitu: anageuzia uso upande wa jicho bovu, macho yanakaa sawa, anaendelea kucheza. Ukimpiga picha hivyo, mng'ao wa flashi utauona katikati ya mboni zote mbili. Hitilafu ipo, ila mwenyewe keshaizunguka!

(Ya 4 ikipooza, kichwa ndicho kinacholala begani. Hapo picha za zamani zinasaidia: daktari akiona shingo imepinda tangu uchanga, ajua si jambo la jana.)

Simu zina kazi yake, sikatai. Utafiti wa programu ya Peek katika shule za Trans Nzoia, uliochapishwa 2018, ulionyesha asilimia 54 ya watoto waliopewa rufaa walifika hospitali, dhidi ya 22 kwa utaratibu wa kawaida. Lakini pale kilichopimwa ni nguvu ya kuona. Kusogea kwa jicho ni jambo jingine.

Wa kwetu aligunduliwa na mamake hapa Feri. Walikuwa ndani ya kivuko cha Likoni, kimesubiri meli ya makontena ipite kuingia Kilindini. Mama amemshika kichwa kwa viganja viwili, watu wasimsukume. Meli ikatokea kushoto, baharini, ikaelekea kulia. Jicho la kushoto likaifuata. La kulia likaishia katikati.

Kipimo chenyewe ndicho hicho: kichwa kitulie, macho yatembee. Daktari alikirudia kwa kigari cha kuchezea, akaziba jicho moja moja, kisha akatia dawa ya kupanua mboni ili atazame nyuma ya jicho kama neva ya kuona imevimba. Sababu ni kwamba neva ya 6 inapita njia ndefu ndani ya fuvu, na shinikizo likipanda huko huumia mapema. Yaweza kuwa uvimbe kwenye ubongo, au maji kichwani. Yaweza pia kuwa homa ya virusi iliyopita, ikapona yenyewe kwa wiki au miezi. Kwa nje zote zinafanana.

Shangazi mmoja alisema ni makengeza tu, mtoto aachwe. Hapana! Jicho lililogeuka ghafla ni la kupelekwa siku hiyohiyo, hasa kukiwa na kichwa kuuma asubuhi, kutapika au kuyumba.

Neva ya kuona haikuwa imevimba, na picha ya MRI ilitoka safi. Sasa anazibwa jicho kwa zamu, leo hili, kesho lile, na kila Ijumaa mamake anamshika kichwa na kupitisha kijiko mbele yake. Ijumaa iliyopita jicho la kulia lilivuka katikati kidogo.