Kana Ikiwa Nzito, Anza na Tanga

Kila aliyeshika kana, yaani mpini wa usukani, ya chombo kidogo anaijua shida hii: upepo unapozidi, kana inavuta mkono mpaka bega linauma, chombo kinang'ang'ania kuugeukia upepo, na ukiilegeza kidogo tu kinasimama, tanga likipigapiga. Nimeikuta kwetu Lamu, na nimeikuta huku Southampton, kusini mwa Uingereza, ninakoishi. Shida ni ileile, ila watu wa pande hizi mbili hawaanzi kutafuta chanzo mahali pamoja.

Huku wengi huanzia kwenye usukani wenyewe. Chukua Wayfarer, boti ya karibu mita 4.8 iliyobuniwa na Ian Proctor mwaka 1957 na ambayo hadi leo inatumika kufundishia. Ubao wa usukani wake hukunjwa juu penye maji machache, na kuna kamba nyembamba ya kuushusha. Kamba hiyo ikilegea, maji yanausukuma ubao nyuma, mbali na bawaba. Hapo kana inakuwa nzito ghafla, ingawa hakuna kilichovunjika. Ukiikaza kamba, mkono unapumzika.

Boti ikiwa nchi kavu, mmoja huikaza kana isicheze, mwenzake hushika ncha ya ubao na kuutikisa kushoto na kulia. Ukisikia kugonga, jua kuna palipolegea: pini imelika, tundu limepanuka, au bolti imeanza kuachia. Kipuri kinaagizwa na kufungwa kabla ya msimu kuanza.

Nahodha wa mashua kule Lamu hutazama juu kwanza. Anaagiza demani, kamba ya kuongozea tanga, ilegezwe, kisha anahamishia watu na mifuko ya mchanga upande wa joshi, unakotoka upepo. Kwenye mashindano hutolewa ubao nje ya chombo, vijana wakaukalia ili kukizuia kisilale. Wala si mazoea tu. Chombo kikilala, msukumo wa tanga unahamia nje upande wa chini, huku maji yakiendelea kukizuia kiwiliwili, na nguvu hizo mbili zinakizungusha kuelekea kwenye upepo. Mizigo ikijaa omo, yaani mbele, hali huwa mbaya zaidi: omo inazama na kushika maji, tezi, yaani nyuma, inaelea na kusukumwa ovyo. Katika hali hiyo usukani hauna kosa; unabebeshwa kazi ya kurekebisha makosa ya tanga na ya shehena. Na kadiri unavyoupinda, ndivyo unavyozidi kuwa breki.

Kwa hiyo nasema bila kusita: mpangilio wa nahodha wetu ndio sahihi. Tanga kwanza, uzito pili, usukani baadaye. Huku nimeona watu wakifungua bolti za usukani mzima kabisa, wakati dawa ilikuwa kulegeza tanga kidogo na kusogea nyuma.

Ila kuna jambo ambalo ningependa sana tulichukue kutoka huku, nalo ni kukagua kabla ya kuharibika. Bawaba za chuma huliwa na kutu, na misumari iliyozama ndani ya mbao huoza pasipoonekana. Kwetu mara nyingi bawaba hushughulikiwa ikishakatika, na ikikatika upepo wa kusi ukivuma, abiria wakiwa ndani, nahodha anabaki na kasia tu. Ujuzi wa kuzuia hilo tunao. Nilimtazama fundi mmoja wa Matondoni, kijiji cha Lamu, akiweka kidole gumba kwenye kiungo cha bawaba huku kijana akiisukuma kana taratibu. Kidole kilihisi mtikisiko ambao jicho lisingeuona, akaagiza bawaba ing'olewe. Ni kipimo kilekile cha huku.

Tena kwetu ukaguzi ni rahisi. Kutoa chombo majini huku mara nyingi ni gharama. Kwetu bahari yenyewe inakitoa. Maji ya bamvua yakipwa, mara mbili kwa mwezi, vyombo hukaa mchangani, watu wakavikwangua na kuvipaka deheni. Siku hiyo hiyo ipangiwe usukani nao: kidole kwenye kila bawaba, kana isukumwe, msumari wenye kutu ung'olewe na kubadilishwa kabla maji hayajajaa. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa, na manahodha wakiifanya kila bamvua, abiria wao watakuwa salama zaidi.