Fungu Moja ni Gramu Ngapi?

Vitabu vya mapishi vinapenda kutuambia tuweke "gramu 250 za mchicha" au "vikombe vinne vya spinachi". Sawa. Sasa nenda gulio la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, umwambie mama muuza mboga akupimie gramu 250. Atakutazama, atatabasamu, kisha atakuuliza: "Mafungu mangapi, dada?"

Tengeru hiyohiyo kuna ofisi ya World Vegetable Center, ambako mnavu na mchicha hufanyiwa utafiti kwa gramu na milimita. Gulioni kipimo ni fungu. Na fungu lina tabia zake: masika mboga zikijaa, linanenepa, kiangazi kikikaza, bei inabaki ileile ila fungu linakonda.

Kikombe nacho ni kigeugeu. Kikombe kimoja cha Kimarekani cha spinachi mbichi kina uzito wa gramu 30 hivi. Kikombe hichohicho cha spinachi iliyochemshwa kina kama gramu 180. Mara sita! Majani mabichi yameshika hewa katikati. Yakipata moto yanalegea na hewa inatoka. Ndiyo maana sufuria inayokataa kufunikwa, baada ya dakika tano mboga imelala chini kabisa. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini kibaba kilikuwa cha nafaka. Mchele hukaa ulivyomiminwa. Jani halikai.

Yote haya ningeyachukulia kama utani, kama si mama yangu. Anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Majani ya kijani yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Haina maana aache mboga. Anatakiwa ale kiasi kisichobadilikabadilika: akizidisha ghafla, dawa inazidiwa, akiacha ghafla, damu inaweza kuwa nyepesi mno. Karatasi aliyorudi nayo kutoka kliniki iliandika "nusu kikombe". Mbichi au iliyopikwa? Haikusema. Tofauti ni mara sita, na anayeibeba ni mwili wa mama.

Nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Nilipima mnavu, mchicha na loshuu, nikitoa kwanza mizizi na mashina magumu. Mafungu mawili ya bei moja, kutoka meza moja, hayakulingana hata mara moja. Mama alinitazama wiki nzima bila neno, halafu akachukua kibakuli chake cha bluu. "Mimi nitapima ikishaiva, nikishaichuja maji," akasema. "Mboga ikishalala haidanganyi tena."

Tulimuuliza daktari kwa maneno hayohayo. Akakubali, akaandika kwenye karatasi: "iliyopikwa". Kibakuli kilekile, mboga zilezile, maana majani hayafanani kwa vitamini. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua mengine.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoandika mapishi kwa Kiswahili, na wanaoandika ushauri wa afya pia. Mkitaja kikombe, semeni mboga ni mbichi au imepikwa. Mkitaja gramu, semeni ni kabla au baada ya kuchambua. Na mkitaja fungu, tuonyesheni ukubwa wake kwa mkono: linaloshikika kwa kiganja kimoja, au viwili? Neno moja tu linatosha, na kuna mtu anayelihitaji kabla ya chakula cha mchana.