Nahesabu pumzi za Furu

Jamani, samahani kwa ukimya wa wiki mbili. Mimi mzima. Anayeumwa ni Furu, na Furu ni paka. Haya, chekeni kwanza halafu tuendelee. Hata ofisini walicheka nilipoomba ruhusa ya asubuhi moja kumpeleka kwa daktari.

Furu ana miaka 14. Marehemu mama alimwokota pale Mwaloni, Kirumba, akiwa kitoto, analia kando ya magunia ya dagaa. Akampa jina la wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ambao wengi wao walimalizwa na sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950. Mama alisema huyu naye amenusurika, jina linamfaa. Mama alipofariki, ndugu waligawana vyombo. Mimi nikapata paka.

Basi usiku mmoja umeme umekatika, nikasikia kama mtu anakoroma. Nikawasha tochi ya simu. Furu amejikunyata, shingo kainyoosha mbele, mbavu zinakwenda kama mvukuto wa mhunzi. Amenikodolea macho tu.

Asubuhi jirani yangu, mama mtu mzima anayenipenda kweli, akaja na Panadol. "Mwanangu, mpe nusu tu, atapoa." Nashukuru sikumpa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa ile. Inaharibu damu isibebe oksijeni, na nusu kidonge chaweza kumuua. Ukisahau mengine yote niliyoandika leo, hilo usisahau.

Daktari wa mifugo niliyempata amezoea ng'ombe. Huku kwetu paka ameajiriwa kukamata panya, nani ampeleke hospitali? Lakini mzee yule hakucheka. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akasema inaweza kuwa pumu. Inaweza kuwa moyo, maana moyo wa paka ukichoka maji hujaa kifuani, na mara nyingi hata hakohoi. Inaweza kuwa uvimbe. Ili kujua inahitajika eksirei na altrasaundi, na pale hapakuwa na mashine hizo. Nikauliza maswali yote ya kazi yetu: nini, lini, kwa nini? Hilo la mwisho halikupata jibu.

Akamchoma sindano, akanipa na mimi kazi: kuhesabu. Paka akiwa amelala fofofo, kifua kikipanda na kushuka hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni kawaida. Akizidi hapo siku hadi siku, mrudishe. Akihema mdomo wazi, usingoje kukuche. Paka si mbwa.

Nimetoa jiko la mkaa nje. Dawa ya mbu ya kuchoma nimeacha, nalala ndani ya neti. Furu nimemhamishia dirishani, upande upepo wa ziwa unakoingia. Daftari langu la habari, baada ya kurasa za vikao vya madiwani, sasa lina namba: 44, 40, 36, jana 32.

Niwaambie ukweli. Siku za mwisho za mama nilikuwa Ukerewe kikazi. Nilidhani nina muda. Pumzi zake walizihesabu manesi, mimi nikafika kuzika. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nakesha kwa ajili ya paka, huwa namwambia ni mapenzi tu ya wanyama. Si uongo, ila si habari yote.

Leo usiku ni 34. Imepanda kidogo. Bado sijui ana nini, na huenda nisijue kamwe. Nimeandika namba, nimemwekea maji karibu, nimekaa.

Wenye paka wazee, ninyi mliwezaje? Niambieni.