Saa ya Hadithi

Mwaka 1993 nilikuwa karani kijana hapa Babati, mji huu ukiwa ungali makao ya wilaya katika Mkoa wa Arusha. Mwaka huo Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati. Aliyetushughulisha zaidi ni Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu, mwenye wapenzi njiani na mke, Tunu, nyumbani. Malori ya namna hiyo tulikuwa tukiyaona kila siku yakipita kwenye barabara kuu iendayo Dodoma. Basi kila sehemu ya mchezo ilipokwisha, tulibaki na siku kadhaa za kubishana: je, Tunu amwache? Mafaili yalingoja. Tarishi wetu, mzee asiyekuwa na redio, aliwajua wahusika wote kwa kutusikiliza sisi tu. Mchezo ule ulikusudiwa kufundisha uzazi wa majira na hadhari juu ya UKIMWI. Nami naamini nusu ya somo tulifundishana wenyewe, redio ikiwa imezimwa.

Tarehe 1 Februari 2013, kampuni ya Marekani iitwayo Netflix, ionyeshayo filamu kwa njia ya intaneti, ilitoa sehemu zote 13 za tamthilia ya House of Cards kwa siku moja. Kituo cha televisheni huuza matangazo ya biashara, hivyo huhitaji watu wengi kwa saa moja. Kampuni ile wakati huo iliishi kwa ada ya mwezi. Haikujali mteja atazame lini, mradi asiondoke. Januari 2016 ikafungua milango yake kwetu pia.

Simchukii mgeni huyu. Mwaka 2023, kwa kushirikiana na UNESCO, alionyesha filamu fupi sita za ngano za Kiafrika, mojawapo Katope ya Mtanzania Walt Mzengi Corey: mtoto wa udongo anayeshika safari ya hatari ili kuwaondolea watu wake ukame. Niliitazama katika simu ya binti yangu, nikatamani kuizungumza usiku kucha.

“Baba, mimi niliimaliza zamani,” akasema, akaichukua simu yake.

Watangazaji wetu nao hawakulala. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Walijua kwamba mpira hauwekwi akiba. Mchezo wa Simba na Yanga ukishajulikana matokeo, umechacha. Hata Netflix, Novemba 2024, ilionyesha pambano la Jake Paul na Mike Tyson papo hapo lilipokuwa likipiganwa. Kumbe saa ile moja ya wote, tuliyodhani imekufa, ina bei kubwa!

Lakini mpira una wenyewe. Mimi nilitaka hadithi. Nikamwomba binti yangu tuanze tamthilia mpya, sehemu moja tu kila jioni. Alicheka, akakubali kwa sharti kwamba kifurushi ninunue mimi. Tumefika sehemu ya tatu. Jana mama yake, asiyependa kukaa mbele ya simu, alituuliza tukiwa mezani kama yule bwana amekwisha rudi nyumbani.