Kumfunda Mgomvi Mmoja

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Methali hii hutajwa mara kwa mara madarasani kama onyo kwa majirani wasiingilie yasiyowahusu. Ni onyo zuri. Hata hivyo, halisemi lolote kuhusu ndugu mwenyewe aliyebaki nyumbani na hasira zake, asiyejua kesho atakapokutana na mwenziwe aanze kwa neno gani.

Aghalabu kusuluhisha hufahamika kuwa kazi ya mtu wa kati. Wazee huketi barazani, chifu huziita pande mbili, naye shahidi husimamishwa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 159, imezitambua njia za namna hii, zikiwemo upatanisho, usuluhishi na taratibu za jadi. Lakini baraza lina hadhira, na penye hadhira mgomvi huigiza. Huapa, hufukua ya mwaka juzi, na akishatamka neno mbele ya watu ishirini huona haya kulirudisha. Ndiyo maana pana haja ya hatua inayolitangulia baraza, yaani mtu mmoja kuketi faraghani na mgomvi mmoja akamfunda. Huko Pwani, somo na kungwi walimfunda mwari ana kwa ana vivyo hivyo, na mashauri ya unyumba hayakosi suala la kukosana na mume bila ya kuivunja nyumba. Katika nchi kama Marekani, Kanada na Australia kazi inayokaribiana na hii imekuwa taaluma tangu miaka ya 1990. Nchini Kenya bado haijapata jina lililokubalika. Wapo wasemao "kocha", neno linalonukia uwanja wa mpira. "Kufunda" lilikuwepo tangu jadi, nalo linatosha.

Mjini Nakuru, mama mmoja mfumaji wa sweta za shule alikosana na mshirika wake wa miaka tisa. Walikuwa wamechanga nusu kwa nusu wakanunua mashine ya kufumia kwa Sh68,000. Asubuhi moja, mwishoni mwa Novemba, alifungua duka akakuta mashine haipo. Mwenziwe alikuwa ameihamishia nyumbani kwake. Oda ya sweta 120 ilikuwa ikingoja shule zifunguliwe Januari, na karo ya watoto wake watatu iliitegemea oda hiyo. Alikuwa amekwisha kuamua kwenda polisi kuripoti wizi. Jirani akamwelekeza kwanza kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili.

Mwalimu hakumpigia simu yule mshirika, wala hakuuliza nani mwenye makosa. Alimtaka mama huyo asimulie kilichotokea. Akasimulia: "Ameniibia mashine. Amenidharau. Amesahau nilikomtoa." Mwalimu akayaandika yote matatu kwenye karatasi, kisha akamuuliza ni lipi kati ya hayo ambalo mpita njia aliyesimama mlangoni angeliona kwa macho. Hakuna. Mpita njia angeona mashine ikipakiwa kwenye mkokoteni, basi.

"Tuanze na mkokoteni, mama," akasema.

Hapa ndipo mwanafunzi wa sarufi anapopata lake. Ukimwambia mtu "umeharibu biashara", umemweka kizimbani, na aliye kizimbani hujitetea. Ukisema "biashara imeharibika", kauli ya kutendeka imemwondoa mtenda, imebakisha hali tu, na hali huweza kutazamwa na watu wawili kwa pamoja. Vitabu vya sarufi hutosheka kuorodhesha viambishi vya kauli hizi. Ni nadra kutaja kwamba kiambishi kimoja chaweza kuokoa duka. Ingawa hivyo, kauli hiyo ina hila zake. "Pesa zimepotea" ni sentensi ya mweka hazina mwizi pia. Mwalimu alimwonya mama asiitumie kufunikia yake mwenyewe.

Zoezi la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Alitakiwa azungumze kama mshirika wake, kwa nafsi ya kwanza. Akaanza kwa kebehi: "Mimi niliichukua mashine kwa sababu ni yangu pia." Akanyamaza kwa muda. "Na kwa sababu nilipolazwa hospitalini mwezi mzima hukunigawia chochote cha mauzo, na bado ulinidai kodi ya duka." Kumbe jambo hilo alilijua wakati wote, ila hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Ni vigumu kuamini kwamba angelitamka barazani. Kodi yenyewe ilikuwa Sh6,000.

Kuhusu korti, mwalimu hakumkataza. Alimweleza kwamba Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka wa 2016, baada ya kurekebishwa mwaka wa 2020, inahusu madai yasiyozidi Sh1,000,000. Kwamba mahakama hizo zilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021 kisha zikaenea katika miji mingine. Kwamba mdai anaweza kujisemea bila wakili, na kesi yapasa kuamuliwa katika siku 60 tangu kuwasilishwa. Hesabu aliifanya mama mwenyewe: siku 60 kutoka Novemba, shule zingekuwa zimekwisha kufunguliwa. Hata hivyo aliambiwa aitafute risiti ya mashine na azihifadhi jumbe zote za M-Pesa, kwa kuwa mwenye njia ya pili huizungumzia ya kwanza kwa utulivu.

Walikutana Jumamosi, wawili tu. Alianza na zile Sh6,000. Ya mashine akayaacha nyuma. Mashine ilirudi dukani hadi oda ikamilike, kwa makubaliano kwamba baadaye mmoja amlipe mwenziwe nusu yake. Ushirika haukurudi. Msomaji aliyezoea hadithi za mapatano atasikitika, ingawa miaka tisa ni muda mrefu na huenda ushirika huo ulikuwa umekwisha kabla ya mkokoteni kufika.

Ipo lawama moja ya haki dhidi ya kazi hii: afundwaye peke yake aweza kufundwa ujanja. Mfundaji husikia upande mmoja tu, na ulimi mwepesi humvutia mtu yeyote. Mwalimu huyo ana kanuni ya kutofunda pande mbili za ugomvi mmoja. Yule mshirika alipomjia kabla ya Jumamosi hiyo, alimwelekeza kwa mtu mwingine na hakumdokezea lolote. Aidha upo ugomvi asioupokea kabisa. Mke anayepigwa hana haja ya kuchaguliwa kauli ya kitenzi, maana neno laini kutoka kwake humwongezea mpigaji muda. Mwanamke kama huyo mwalimu humsindikiza hadi kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na njiani hamfundishi neno hata moja.