Njumu za Barafuni

Msomaji aliyezoea kunikuta hapa nikipima mizani na kutafuta vina atanisamehe leo, kwa kuwa ninamletea habari za chuma, mpira na barafu. Ninaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nilikaribia kumuumiza mtoto wa watu. Ya pili ni kwamba kilichonisaidia kulielewa kosa langu kilikuwa neno moja la Kiswahili, nalo nililipata kwa simu kutoka Unguja.

Ninaishi kaskazini mwa Minnesota, Marekani, kando ya ziwa ambalo huganda miezi mingi ya mwaka. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao, bibi mjane, anaishi ng'ambo ya ziwa. Kwa gari, barabara huzunguka msituni na kunichukua karibu saa nzima. Kwa kukata juu ya barafu ni robo saa. Ndiyo maana nilinunua pikipiki ya theluji iliyokwisha kutumika.

Kwa asiyepata kuiona, mashine hii haina gurudumu linalogusa chini. Mbele ina skii mbili zinazoelekezwa kwa usukani kama wa pikipiki. Chini ya kiti hupita mkanda mpana wa mpira uliofanywa duara, unaozungushwa na injini, na juu ya mkanda huo yamejipanga matuta ya mpira yanayoiparura theluji na kuisukuma nyuma. Mtu wa Valcourt, jimboni Quebec, Joseph-Armand Bombardier, alipata hataza ya mfumo wa mkanda na magurudumu yake ya meno mwaka 1937, na mwaka 1959 kampuni yake ikaanza kuuza mashine ndogo iitwayo Ski-Doo. Husimuliwa kwamba jina lililokusudiwa lilikuwa Ski-Dog, kwa kuwa mashine ilikuja kushika nafasi ya mbwa wavutao sleji, ila kosa la chapa likalibadilisha. Juu ya theluji, matuta hayo ya mpira yanatosha kabisa. Juu ya barafu tupu ni kama kiganja kilichopakwa sabuni.

Februari ya mwaka jana upepo wa siku mbili ulifagia theluji yote katikati ya ziwa, ukaacha barafu nyeusi inayong'aa. Mbele yangu palikuwa na kibanda cha wavuvi. Huku watu hutoboa tundu katika barafu, wakaketi kibandani na mshipi. Nilikiona nikiwa mbali, nikashika breki mapema. Mkanda ulisimama. Mashine haikusimama. Iligeuka ubavu, ikaendelea kuteleza kwa kasi ileile, nami juu yake nikawa abiria tu. Mlango wa kibanda ukafunguka, akatoka mtoto wa miaka sita au saba, ndoo mkononi. Tulipishana kwa kadiri ya urefu wa kasia.

Baba yake hakunitukana. Aliinama, akautazama mkanda wangu, kisha akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, mbona u mtupu.

Wiki hiyohiyo nilikwenda dukani na azimio moja: ninunue ncha za chuma zilizo ndefu kuliko zote, na nyingi kuliko zote. Hofu hununua kwa wingi. Muuzaji, mzee mwenye makovu vidoleni, hakuniuzia kitu siku ile. Aliniuliza maswali manne. Matuta ya mkanda wako yana kimo gani? Injini ina nguvu kiasi gani? Unapita wapi zaidi, kwenye theluji au kwenye barafu? Na chini ya skii za mbele umetia nini? Sikuwa na jibu hata moja lililokamilika. Akanirudisha nyumbani nikapime.

Usiku ule nilimpigia baba. Ni seremala, amezeeka sasa, lakini umri wake wote ameunda na kukarabati makasha ya msaji yaliyopambwa kwa shaba. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamweleza kwamba ninatafuta misumari ya kushikia barafu. Akanyamaza kidogo.

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Ndani ya mkanda, baba."

"Na ncha?"

"Nje. Inapita kwenye tundu, inapigwa bamba dogo juu yake, halafu nati."

"Basi usiite msumari, mwanangu. Msumari huingia ukapotea. Hicho kinachobaki juu, ama kionekane ama kishike, ni njumu."

Wapenzi wa lugha wanalijua neno hili kwa sura zake mbili. Njumu ni madini yanayopachikwa kwenye mbao au kwenye mpini ili kuupamba, na njumu ni viatu vya mpira wa miguu vyenye meno. Nilikuwa nazo zote mbili utotoni: za kwanza zikimetameta kwenye karakana ya baba, za pili nikizirithi kwa binamu yangu. Zile za binamu zilinizidi namba mbili, na katika uwanja wa tope niliteleza kuliko wenzangu waliocheza pekupeku. Hata hivyo, dukani nilikuwa nimetaka kurudia kosa lilelile.

Vipimo vikanifundisha. Matuta ya mkanda wangu yana kimo cha inchi 1 na robo. Kanuni ya mafundi ni kwamba njumu ilipite tuta kwa robo ya inchi hadi thumuni tatu za inchi, yaani kama milimita 6 hadi 9 na nusu. Ikiwa fupi, hufichwa na mpira isiifikie barafu. Ikiwa ndefu mno, hushikwa kwa nguvu kuliko shina lake linavyoweza kuhimili. Huinama, huyumba, mwishowe hung'oka na kipande cha mkanda. Tena juu ya mkanda, chini ya kiti, kuna handaki la alumini ambamo hupita mabomba bapa ya kupozea maji ya injini. Njumu ndefu huyagonga na kuyatoboa, nawe ukabaki katikati ya ziwa na injini iliyokufa. Kile nilichotaka kununua kwa ajili ya usalama ndicho ambacho kingeniacha kwenye baridi.

Idadi nayo ina hesabu yake. Mashine yenye nguvu kubwa huweza kuhitaji njumu 144 au zaidi; yangu ya wastani ilitoshewa na 96. Kila moja ni uzito unaozungushwa, na kila moja ni tundu katika mpira. Wako wanaotoboa mpaka mkanda unadhoofika na kuchanika. Mzee wa duka alinionya pia kwamba si kila mkanda unakubali kutobolewa, kwa kuwa mingine imeundwa kwa tabaka jembamba lisiloweza kuzishika njumu zikadumu. Kuhusu ncha, alinichagulia za tungsteni kabaidi, iliyo ngumu kuliko chuma cha pua, ili zisipoteze ukali upesi zinapokutana na mawe ufukoni.

Baba aliponiuliza nitazipangaje, nilijibu kwa kujiamini: kwa safu zilizonyooka, kama askari. Akacheka. Kwenye kasha, akasema, ukipiga misumari miwili ikafuata uzi mmoja wa mti, ubao hupasuka. Lazima kila mmoja upewe uzi wake. Siku ya pili nilipopewa kiolezo cha karatasi dukani, nikaona jambo hilohilo kwa sababu nyingine. Alama zilikuwa zimetawanyika, moja kushoto kidogo, nyingine kulia kidogo, nyingine karibu na katikati. Mkanda unapozunguka, kila njumu huchora mstari wake katika barafu. Njumu mbili zikishika mstari mmoja, ya pili hutumbukia katika mkwaruzo uliokwisha kuchimbwa na ya kwanza, isipate barafu mpya ya kuuma. Yaweza kuwapo njumu 96 zikafanya kazi ya 40, kwa kupangwa vibaya tu.

Malenga wenzangu, nadhani mnaona ninakoelekea, nami sitafika mbali. Nimewahi kuandika mashairi yenye msamiati mzito kila kipande, nikidhani uzito ndio utakaomshika msomaji. Nimewahi pia kurudia neno lilelile kuwa kina katika beti mbili zinazofuatana, likatumbukia katika mkwaruzo wake lenyewe. Lakini shairi likiteleza, hakuna mtoto anayetoka mlangoni na ndoo.

Kazi ilinichukua jioni mbili. Niliugeuza ubavu mtambo, nikatia alama kwa chaki, nikatoboa kwa keekee, nikapitisha shina kutoka ndani kwenda nje, nikaweka bamba la alumini, nikafunga nati. Niliangalia kila mara kwamba hakuna njumu iliyosimama mahali ambapo ingegonga magurudumu ya ndani au reli zinazouongoza mkanda. Ndani ya handaki nikapachika vipande vya kukinga mabomba ya maji.

Hapo ndipo swali la nne la mzee likanirudia: chini ya skii za mbele umetia nini? Nilikuwa na vyuma vilivyochakaa, laini kama mgongo wa kijiko. Mashine ikishika nyuma isishike mbele, ukikata kona skii huelekea unakotaka na mtambo huendelea kwenda ulikokuwa ukienda, kwa kuwa nyuma inaisukuma mbele kwa nguvu mpya. Kwa hiyo nikanunua na reli za mbele zenye makali ya kabaidi. Urari hatuudai katika ushairi peke yake.

Nalazimika kutaja mipaka, nisije nikampoteza mtu. Njumu hushika barafu, hazishiki maji. Idara ya maliasili ya Minnesota hushauri unene wa inchi 5 hadi 7 za barafu mpya iliyo safi kwa pikipiki ya theluji, na barafu nyeupe yenye ukungu ni dhaifu, hutakiwa unene maradufu. Mimi hutoboa na kupima kabla ya kuvuka, tena zaidi ya pahali pamoja. Vilevile, sheria ya jimbo hili hukataza mikanda yenye njumu za chuma kupita kwenye njia za umma zilizotiwa lami, kwa sababu huichimba. Kinachokushika wewe chaweza kumharibia mwenzio njia.

Januari hii nilivuka kwa mara ya kwanza nikiwa nazo. Kabla ya kwenda kwa bibi, nilitafuta pahali peupe pasipo mtu, barafu tupu kama ile ya Februari, nikashika breki. Mashine ilitikisika, ikakwaruza, ikasimama ikiwa imenyooka. Nilishuka nikapima kwa hatua. Kisha nikasimama kimya, si kwa furaha hasa. Nilikuwa nikihesabu ni hatua ngapi zilikosekana mwaka jana, na ni nani aliyekuwa amesimama mwishoni mwake.

Jioni, nikiwa kwa bibi nikingoja uji uive, beti moja likanijia. Nikampigia baba nikamsomea:

Njumu nimezipachika, safu zake nikapima,
Hapana iliyoshika njia ya iliyo nyuma,
Barafu nikiivuka, mwendo wangu wa hekima,
Kushika ni kupangika, si wingi wa kuiuma.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Alinitaka nirudie ukwapi wa mstari wa pili, nikarudia.

"Mizani imetimia," akasema. "Umeshazikaza nati mara ya pili?"

Sikuwa nimezikaza. Mzee wa duka naye alikuwa ameniagiza hivyohivyo: baada ya safari ya kwanza mpira hujikunja na kukaa sawa, nati zikalegea. Nilivaa koti, nikatoka nje na tochi na spana. Kati ya njumu 96, tatu zilikuwa zikicheza.